Jicho la kushoto limeumia: je, la kulia litalifuata?

*«Jambo dokta. Kijana wangu ana miaka 15. Siku 24 zilizopita alikuwa anamsaidia mjomba wake kuchonga makoro, yale mawe ya volkano, ya msingi wa nyumba, hapa Goma, kipande cha jiwe kikamrukia jicho la kushoto. Usiku ule tulimtia maziwa ya mama, kesho yake tukampeleka hospitali, wakamshona. Sasa jicho linaonekana dogo, jekundu, na anasema haoni kitu. Daktari anasema afadhali litolewe, la sivyo linaweza kuharibu la pili. Bibi yake anasema hivyo hivyo, kwamba jicho likifa huvuta mwenzake kwa mshipa ulio nyuma. Shemeji yangu anasema wanatafuta pesa tu. Kijana mwenyewe analia, hataki. Jicho la kulia anaona vizuri. Ni kweli litafuata? Tukubali au tukatae? Na mdogo wake wa miaka 13, ambaye naye huenda kwenye mawe, tumkataze?»*

Mama, pole sana, na mfikishie kijana pole yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ina hofu mbili zilizosukwa pamoja: ya kumtoa mtoto jicho ambalo pengine lingebaki, na ya kulibakiza kisha siku moja aamke haoni kwa macho yote mawili.

Nianze na ile inayokunyima usingizi. Ndiyo, ugonjwa huo upo. Jicho lililotobolewa linaweza kulifanya lile zima liugue, hata kama halikuguswa na chochote. Lakini ni nadra. Kati ya watu 1,000 waliotobolewa jicho, huwapata wawili hivi, na hesabu za juu hufika watano. Hao wengine wote huzeeka na jicho lao zima. Kijana wako ana nafasi kubwa sana ya kuwa miongoni mwao. Jambo la pili: kutoa jicho si uamuzi wa kukimbizana nao kesho asubuhi. Mnao muda wa kuuliza na kupimwa upya.

Kwa hiyo shemeji amemwonea daktari wenu. Alichosema kimo katika vitabu vyetu vyote, na vizazi vya madaktari wa macho vimefundishwa hivyo. Bibi naye hakukosea mbali: amelijua tukio, ila barabara ameitaja nyingine. Hata wasomi waliipita barabara hiyo. William Mackenzie wa Glasgow, aliyeueleza ugonjwa huu vizuri miaka ya 1830 hadi 1840, alidhani kuwa uvimbe unasafiri kwa mishipa ya fahamu ya macho, kwa kuwa mishipa hiyo hukutana nyuma ndani ya kichwa. Ugonjwa ukaitwa oftalmia simpathetiki, yaani jicho linaloumia kwa kumhurumia mwenzake. Jina ni zuri. Ila huruma haimo humo hata kidogo.

Fikiria mapacha waliolelewa kila mmoja katika ua wake, nyuma ya ukuta mrefu. Hawajawahi kutoka nje. Vijana wa mtaa wanaofanya doria usiku kwa filimbi na virungu wanamjua kila mkazi wa mtaa kwa sura, isipokuwa hao wawili. Siku moja ukuta wa ua mmoja unaanguka. Doria inafika, inakuta mtu isiyemjua, inamkamata kama mwizi. Mpaka hapo kuna pacha mmoja tu mwenye shida. Lakini sura imeshashikwa. Wiki chache baadaye wale vijana wanamwona wa pili, katika ua ambao ukuta wake haujaanguka, mwenye sura ileile. Wanaruka ukuta.

Macho yako hivyo. Ndani ya jicho kuna tabaka lenye rangi, tunaliita uvea, na nyuma yake retina, pazia linalopokea picha. Katika matabaka hayo kuna protini ambazo kinga ya mwili huwa haikutani nazo kwa kawaida, kwa sababu jicho limezungushiwa vizuizi vyake. Peter Medawar alilionyesha jambo hili mwaka 1948 kwa sungura: ngozi ya sungura mmoja ukiiweka mwilini mwa mwingine hukataliwa, lakini ikiwekwa katika chumba cha mbele cha jicho hukaa salama, maadamu mishipa ya damu haijaifikia. Jicho likipasuka, vipande vya lile tabaka lenye rangi huchungulia nje ya kidonda, hufika kwenye matezi, na huko seli za kinga hujifunza kuvitambua kama adui. Kisha hutembea na damu mwili mzima. Popote zitakapokuta kitu kilekile zitashambulia, na kitu kilekile kipo mahali pamoja hasa: jicho la upande wa pili.

Kwa nini basi kwa watu wawili na si kwa wote 1,000? Sehemu ya jibu ni ya kuzaliwa nayo, kwani watu wenye alama fulani za kinga katika vinasaba vyao huupata kwa urahisi zaidi. Si kosa la mtu. Wala si maziwa ya mama, kama hilo linakuchoma moyo. Maziwa yana hatari yake, ya kuingiza vijidudu ndani ya jicho lililo wazi, na siku nyingine msitie chochote: funika kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, usikandamize, usioshe, nenda hospitali usiku huohuo. (Ikiwa ni chokaa, simenti au maji ya betri, mambo ni kinyume kabisa: osha hapohapo kwa maji mengi safi, nusu saa nzima, ndipo uende.) Lakini maziwa hayo hayakuleta ugonjwa tunaouzungumzia.

Nikiruhusiwa kutoka nje ya njia kidogo: jambo hilihili tumelishuhudia tena katika kona ambayo watu wa macho hatukuitazamia, kwenye tiba ya saratani. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua breki za kinga na namna ya kuzifungua ili mwili uipige saratani wenyewe. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi. Baadhi ya wagonjwa wakafaidika sana. Lakini wachache wao walianza kuumwa macho yote mawili, kope zao zikawa nyeupe, ngozi ikapata mabaka meupe. Doria iliyofundishwa kuwinda seli za rangi zilizoasi iliwakuta na jamaa zao wasio na hatia ndani ya jicho, wanaofanana nazo sura. Hakuna aliyetobolewa jicho pale, wala mshipa uliovuta kitu. Kwangu mimi huo ni ushahidi unaoeleweka hata na asiye daktari kwamba ugonjwa huu ni wa kinga.

Sasa turudi kwa kijana, maana ukishaijua njia ya ugonjwa utaelewa hesabu ya siku. Kinga huhitaji muda wa kujifunza. Ndiyo maana ni nadra jicho la pili kuanza kuugua kabla ya wiki mbili, na ndiko ilikotoka kanuni ya zamani: jicho lisilo na tumaini litolewe ndani ya siku 14, kabla doria haijashika sura. Nyinyi mko siku ya 24. Dirisha hilo limepita. Na hata lenyewe halikuwa la chuma, kwani wapo waliotolewa jicho mapema na bado wakaugua. Ushahidi wake ni wa hadithi za wagonjwa waliokusanywa kidogo kidogo, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kufanya jaribio la haki juu ya ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya mamia. Kutoa jicho leo kunaweza kupunguza hofu, na pengine hatari kidogo, lakini hakuwezi kufuta kile ambacho seli zimeshajifunza, kama zimejifunza. Mtu akikuambia «tukilitoa leo, la pili limepona milele», amesema zaidi ya anachokijua.

Swali linalonisaidia kuamua ni jingine: je, jicho la kushoto linaona mwanga?

Kijana anasema haoni kitu. Simkatalii, lakini «sioni kitu» ya mgonjwa na «haoni mwanga» ya daktari si maneno mamoja. Kipimo chake kinaonekana chepesi, na ndiyo maana kinakosewa. Chumba kiwe giza. Jicho zima lizibwe kwa kiganja kilichokunjwa kama bakuli na kubanwa kwenye pua, si kwa vidole, maana mwanga hupenya katikati ya vidole na mtoto anajibu kwa jicho lisiloulizwa. Kisha taa kali kuliko zote zilizopo iwashwe na kuzimwa bila mpangilio, kutoka juu, chini, kushoto, kulia, naye aseme kila inapowaka. Kirudiwe siku nyingine. Damu iliyojaa ndani ya jicho inaweza kuziba mwanga kwa wiki kadhaa kisha ikafyonzwa, na jicho lililoandikwa kuwa limekufa likaanza kuona kivuli cha mkono. Kama cha ndani hakionekani, daktari anaweza kupiga ekografi, picha ya mawimbi ya sauti, juu ya kope, taratibu, aone kama retina iko mahali pake au imebanduka.

Akiona mwanga, hata kwa upande mmoja tu, mimi ningelibakiza jicho na kutafuta mtaalamu wa retina atazame kama lina la kuokolewa. Zaidi ya huruma, kuna sababu ya kitabibu: ikitokea bahati mbaya ugonjwa ukaanza katika jicho la pili, kulitoa la kwanza wakati huo hakuonekani kusaidia kitu, na imewahi kutokea kwamba lile lililoumia ndilo lililobaki likiona vizuri kuliko mwenzake.

Asipoona mwanga kabisa, kwa vipimo viwili vya siku tofauti, na jicho linauma, linasinyaa, basi ushauri wa daktari wenu ni wa busara na mimi ningekuwa upande wake. Jicho la namna hiyo linaweza kuuma miaka. Kuna njia mbili za upasuaji. Ya kwanza huondoa jicho lote. Ya pili huondoa vilivyo ndani na kuacha ganda jeupe la nje pamoja na misuli yake. Ni fupi zaidi, na jicho la bandia huchezacheza vizuri zaidi juu yake. Wenye hofu ya ugonjwa huu huchagua ya kwanza, kwa kuwa ya pili inaweza kuacha punje za tabaka lenye rangi zimeng'ang'ania ganda. Tofauti ya hatari kati ya hizo mbili, kwa maoni yangu, ni ndogo kuliko tunavyobishana kwenye mikutano. Ningeacha mpasuaji afanye ile anayoifanya vizuri. Jicho la bandia huvaliwa kidonda kikishatulia, wiki sita hadi nane baadaye, na si mpira wa kioo kama watoto wanavyodhani: ni kama kigae chembamba cha plastiki kinachoingia chini ya kope.

Lakini kabla ya yote hayo, kuna neno katika barua yako limenikwaza: «kipande cha jiwe». Mnajuaje? Makoro ni magumu, na mji huu tunaujenga kwa mawe yaleyale yaliyoubomoa volkano ilipolipuka Januari 2002, kwa hiyo nimewaona wachongaji wengi. Kinachoruka kikaishia katikati ya jicho mara nyingi si jiwe. Ni chuma. Angalia tindo la mjomba wake. Likipigwa nyundo kwa miaka, kichwa chake huchanua na kupinda kingo kama uyoga, na kingo hizo hukatika kwa pigo moja na kuruka zikiwa na makali ya wembe. Kipande cha namna hiyo kinaweza kutoboa jicho, kikaingia mpaka nyuma, na kuacha tundu dogo kuliko punje ya mchele. Kikibaki ndani, kutu yake hunyunyiza sumu kwenye retina kwa miezi, taratibu, bila maumivu.

Uliza hospitali: je, alipigwa picha ya eksirei ya macho au skana kabla ya kushonwa? Kama hapana, ipigwe wiki hii. Na mtu yeyote asimwingize kwenye ile mashine ya sumaku inayoitwa IRM mpaka chuma kiwe kimekataliwa kwa picha, kwa sababu sumaku hukivuta kipande na kulipasua jicho kwa ndani. Uliza pia kama alichomwa sindano ya pepopunda. Haya mawili ningeyataka kuyajua kuliko neno la kutoa au kutotoa.

Jicho la kulia ndilo lenu sasa, na hapa kuna kazi ya nyumbani. Watu wanane kati ya kumi wanaopata ugonjwa huu huanza ndani ya miezi mitatu tangu kuumia, tisa kati ya kumi ndani ya mwaka mmoja. Wachache sana huanza baada ya miaka mingi. Kwa hiyo miezi mitatu hii muwe macho zaidi. Ishara ya kwanza inaweza kuwa ndogo hadi mtu akaipuuza: kusoma vitu vya karibu kunakuwa kugumu, kwa sababu misuli ya kulenga karibu imeanza kuvimba. Chagueni maandishi madogo yasiyobadilika, ukurasa mmoja wa Biblia au maelezo ya pakiti ya dawa. Kila asubuhi, dirisha lilelile, kitabu kwenye umbali wa mkono uliokunjwa, asome mistari miwili. Weka alama kwenye kalenda. Siku atakayosogeza kitabu mbali, au kusema herufi zimekuwa na ukungu, hiyo ni siku ya kwenda.

Nenda vilevile siku hiyohiyo ukiona jicho la kulia linaogopa mwanga, anafumba akitoka nje. Au wekundu uliozunguka duara la rangi kama pete. Au anasema kuna vidoti vyeusi vinaelea. Au linauma kwa ndani. Mara chache sana huja na dalili zilizo mbali na jicho: masikio yanalia au kusikia kunapungua ghafla, kope au nywele zinageuka nyeupe. Watu hushangaa sikio limeingiaje. Sikio la ndani nalo lina seli za rangi, na doria haichagui mtaa. Kijana wa miaka hiyo akianza kuongeza sauti ya redio na kutoitikia anapoitwa, wazazi husema ni ukaidi. Kwake yeye msiseme hivyo, mleteni. Na kama ni la kushoto linalotoa usaha, linauma vikali zaidi ya jana, au kope imevimba, hiyo ni dharura nyingine, ya maambukizi, nayo haisubiri asubuhi.

Bila dalili yoyote, mimi humtazama mgonjwa kama huyu kila baada ya wiki mbili kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila mwezi hadi mwaka utimie. Na kutazama si kummulika tochi mlangoni. Ni ile mashine ya kuegemeza kidevu na paji la uso, yenye mwanga mwembamba kama wembe, inayoonyesha chembe za uvimbe zikielea ndani ya jicho kama vumbi kwenye miale ya jua dirishani, siku nyingi kabla mgonjwa hajahisi lolote. Atiwe na dawa ya kupanua mboni, sehemu ya nyuma nayo ionekane. Kama mlikoshonewa hamna mashine hiyo, ombeni barua ya kupelekwa kunakopatikana, iwe mjini hapa, iwe kwa boti hadi Bukavu.

Na likianza? Kabla steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga, hazijapatikana, wengi walikuwa wanapofuka. Louis Braille, aliyebuni maandishi ya vipofu, alijichoma jicho moja mwaka 1812, akiwa na miaka mitatu, akichezea vifaa vya ngozi katika karakana ya baba yake karibu na Paris. Kufika miaka mitano alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Madaktari wengi wa macho tukisoma kisa hicho tunalitaja jina la ugonjwa huu, ingawa waliomwandika wanasema ni maambukizi yaliyohama. Leo, wakiwahiwa, zaidi ya nusu hubaki na uoni wa kuwatosha kusoma na kufanya kazi. Tiba ni steroidi kwa kipimo kikubwa, kisha dawa nyingine za kutuliza kinga, kwa mwaka au zaidi. Ni tiba inayofanya kazi na ni tiba kali. Kwetu huku haianzwi kabla ya kupima kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, sukari, na kumtibu minyoo, kwa maana kinga ikitulizwa vile vilivyolala huamka. Wala haikatizwi ghafla.

Kwa hiyo ile deksa ya matone (deksamethasoni, nayo ni steroidi) inayouzwa kwenye kila farmasi kuanzia Birere hadi Ndosho isimguse bila daktari. Hufanya jicho jekundu liwe jeupe kwa siku mbili, mgonjwa akafurahi, na huku ndani uvimbe unaendelea, au kuvu inakula konea, kioo cha mbele cha jicho, au presha ya jicho inapanda. Nimeona macho mengi zaidi yaliyopotea kwa chupa ile kuliko niliyoyaona yakipotea kwa ugonjwa unaouogopa.

Kijana analia, hataki. Nani amwambie nini? Ana miaka 15. Anayasikia yote mnayozungumza barazani mkidhani amelala. Mpelekeni kwa daktari aingie chumbani mwenyewe, akae kiti cha mbele, aulize yeye. Mara nyingi kinachomliza si jicho. Ni darasa, ni jina la utani atakalopewa, ni msichana fulani. Na kuna mambo ya aibu asiyoyasema: anamimina chai inaanguka nje ya kikombe, anakosa ngazi ya mwisho, anagongana na watu upande wa kushoto. Hiyo si akili kupungua. Macho mawili ndiyo yanayopima umbali wa karibu, na moja hujifunza kupima kwa njia nyingine, kwa miezi kadhaa. Mwambie aegemeze mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Darasani akae upande wa kushoto kabisa, karibu na ukuta, ili wenzake wote wawe upande anaoona. Ikiwa wiki zinapita halali, hali, hataki kutoka chumbani, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, hapo mtafutieni mtu wa kuzungumza naye, mwanasaikolojia wa hospitali au muuguzi aliyefunzwa, bila kungoja suala la jicho liishe. Na kama jicho halina mwanga lakini halimuumi, na yeye bado hayuko tayari, mnaweza kungoja huku mkiliangalia la kulia. Kukubali kwake baada ya miezi miwili kuna thamani kuliko kushikwa mikono leo.

Jicho moja likibaki, miwani ni ya kila siku, hata kama anaona vizuri: ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka, na si ile ya jua ya kioo inayouzwa barabarani, ambayo ikipigwa huwa yenyewe ndiyo vipande.

Mdogo wake? Nikikuambia umkataze, na pesa ya mawe ndiyo inayolipa shule, utaitikia kisha Jumamosi ataenda. Miaka 13 asishike nyundo, hilo ningesimama nalo. Abebe, apange, akae nyuma ya mchongaji zaidi ya hatua kumi. Na kabla hata ya hilo, mchukue mjomba na tindo lake mpaka kwa fundi wa kuchomelea aliye karibu, kile kichwa kilichochanua kisagwe kiwe laini mviringo. Ni kazi ya dakika tano. Kingo zikianza kupinda tena, arudi.